Paa la Dunia na Mfuko wa Mataifa

Nyumba ya ndugu wengi ikitoboka paa, wote hulowa. Hapo maneno huanza. Nani alilitoboa? Nani ana fedha za kununua mabati? Na ndugu maskini, aliyeingia nyumbani juzi, je, atozwe sawasawa na tajiri? Shauri la namna hii liliyapata mataifa yote ya dunia. Twataka kulisimulia, kwa kuwa latufundisha namna ya kulipia ulinzi wa dunia tunayokaa.

Juu sana angani kuna hewa iitwayo ozoni. Ni chache, lakini kazi yake ni kubwa: huzuia miali mikali ya jua, ambayo huleta kansa ya ngozi, huharibu macho na kudhuru mimea. Sasa, tangu miaka ya 1930, viwanda vya Marekani na Ulaya vilitengeneza gesi za kutia baridi katika frigo. Jina lake ni CFC. Hazishiki moto wala hazina sumu, kwa hiyo zilipendwa sana, zikatiwa hata katika makopo ya kupulizia manukato. Mwaka 1974 Bwana Mario Molina, mzaliwa wa Mexico, na Bwana Sherwood Rowland wa Marekani walionyesha kwamba gesi hizo hupanda juu na kuila ozoni. Wenye viwanda walibisha. Lakini Mei 1985 wataalamu watatu wa Uingereza, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba juu ya Antaktika ozoni ilipungua mno kila mwaka, jua linaporudi baada ya majira ya baridi. Paa lilikuwa limetoboka kweli.

Bwana Mostafa Tolba, Mmisri aliyeongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa huko Nairobi, aliyahimiza mataifa kufanya haraka. Tarehe 16 Septemba 1987, mjini Montreal, nchi 24 pamoja na Jumuiya ya Ulaya zilitia sahihi mapatano ya kupunguza gesi hizo. Nchi maskini ziliruhusiwa kuchelewa miaka 10.

Lakini kuchelewa si kusaidiwa. China na India, zenye watu wengi kuliko nchi zote, hazikutia sahihi. Zilisema: Ninyi mmetumia gesi hizi miaka mingi, mkatajirika. Leo watu wetu waanza kununua frigo, nanyi mwatuambia tuache, tukanunue gesi mpya katika viwanda vyenu! Maneno hayo yalikuwa ya haki. Tena kila mtu aliona kwamba nchi hizo mbili zikibaki nje, kazi yote ni bure. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, Juni 1990, wajumbe walikutana London. Marekani ilikuwa imekataa mfuko mpya, kisha ikakubali. Mapatano yaliandika waziwazi kwamba mfuko huu hautakuwa sheria kwa mambo mengine ya mazingira. Kwa miaka mitatu ya kwanza, kuanzia 1991, ziliwekwa dola milioni 160, na nyingine milioni 80 kama China na India zingeingia. China iliingia 1991, India 1992.

Tuutazame mfuko huo, maana siri imo katika namna ulivyofungwa. Kwanza, kila nchi tajiri ilipangiwa fungu lake kwa kipimo kilekile cha michango ya Umoja wa Mataifa, na fungu hupangwa upya kila miaka mitatu. Pili, mfuko haujengi kiwanda kizima. Hulipa ile gharama ya ziada tu ya kuacha gesi mbaya na kushika nyingine. Hulipa pia mafunzo ya mafundi wa frigo na ya watu wa forodha. Tatu, mfuko ni mmoja, lakini mikono ya kazi ni mingi: Benki ya Dunia na mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa. Nne, na hili ndilo kubwa, halmashauri yake ina viti 14: 7 vya matajiri na 7 vya nchi zinazosaidiwa. Anayepokea naye huamua. Basi hapo fedha si sadaka tena, ni malipo ya deni.

Matunda yalionekana. Kufika 2010 nchi maskini nazo zilikuwa zimeacha CFC, isipokuwa kiasi kidogo cha dawa za pumu. Januari 2023 wataalamu walitangaza kwamba ozoni itarudi kama ilivyokuwa 1980 karibu na mwaka 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na juu ya Antaktika karibu na 2066.

Hatusemi kwamba hapakuwa na udanganyifu. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba gesi moja iliyokatazwa ilikuwa ikitoka tena, na sehemu kubwa ilitoka mashariki ya China. Ukaguzi ulikazwa, gesi ikapungua. Fedha bila walinzi hazitoshi.

Mwaka 2016, mjini Kigali, jirani yetu, mataifa yalikubaliana kupunguza pia zile gesi mpya, kwa kuwa zinaongeza joto la dunia, na mfuko uleule ukapewa kazi hiyo. Lakini kwa shauri zima la joto mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2009, Copenhagen, matajiri waliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Hakuna aliyepangiwa fungu lake. Kwa hesabu yao wenyewe, kiasi hicho kilifikiwa mara ya kwanza 2022 tu.

Nasi Wakongo latuhusu. Novemba 2021, Glasgow, nchi yetu iliahidiwa dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza ya kulinda msitu. Tusiulize tu ni ngapi. Tuulize: nani amepangiwa kutoa nini? Nani akagua? Na mwenye kukaa msituni, je, anacho kiti katika halmashauri? Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Nao wanaodai yawapasa kuketi pale hesabu inapofanywa.