Apolo Kivebulaya: Mganda aliyeipeleka Injili Boga

Walimu wawili wa dini waliotangulia kutumwa Boga hawakudumu. Chifu Tabaro aliwanyima chakula, njaa ikawashinda, wakarudi Toro, magharibi mwa Uganda. Mwaka 1896 ukielekea ukingoni, Apolo Kivebulaya alikubali kushika nafasi yao, na maandalizi yake yalikuwa kununua jembe. Tabaro akigoma kumlisha, atalima mwenyewe. Kisha akashika njia ya kuukata upande wa kaskazini wa milima ya Ruwenzori na kuvuka bonde la Semliki, kuelekea nchi ambayo leo iko Ituri, mashariki mwa Kongo.

Hakuwa amelelewa kanisani. Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha wa kwanza. Alipata kuwa askari katika vita vya dini vilivyoipasua Buganda, na kwa muda alikuwa upande wa Waislamu. Alibatizwa Januari 1895. Kwa hiyo mtu aliyekwenda Boga alikuwa Mkristo ambaye ubatizo wake ulikuwa haujatimiza hata miaka miwili.

Tabaro naye tusimlaumu haraka. Siku hizo Waganda walikuwa wakiwasaidia Waingereza kueneza utawala upande wa magharibi, na Mfalme Kasagama wa Toro alikuwa amebatizwa mwaka uleule wa 1896. Chifu yeyote mwenye akili angejiuliza huyu mgeni anamtumikia nani hasa. Isitoshe, Apolo alikuwa akikemea pombe na ndoa za wake wengi, mambo mawili ambayo bila hayo heshima ya chifu ilipungua. Akapigwa. Nyumba yake ikachomwa moto.

Kisha likaja balaa la 1898. Watu walikuwa wakikusanya nyasi za kujengea kanisa, na mkuki ulikuwa umeachwa umesimama humo nyasini. Dada yake Tabaro aliuangukia, akafa. Apolo alishtakiwa kuwa muuaji, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika dhiki za wakati huo alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Msomaji ana hiari ya kuyaamini maono hayo au kuyaacha. Lililo wazi ni kwamba alipoachiwa huru hakutafuta kituo chenye usalama zaidi. Alirudi Boga, kwa Tabaro yuleyule. Mwishowe Tabaro alibatizwa, akachukua jina la Paulo.

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, akatumikia Toro kwa miaka mingi. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana ardhi, Boga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Apolo aliifuata hukohuko, akahamia tena miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Tangu 1921, akiwa na umri ambao wengi huanza kufikiria kupumzika, aliingia msitu wa Ituri kuwahubiria Wambuti, wenyeji wa msitu huo. Hakuwahi kuoa. Hakurudi Buganda kuzeekea kwa ndugu zake.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa bado.

Dayosisi ya kwanza ya Waanglikana wa Kongo iliundwa Boga mwaka 1972, na mwaka 1992 kanisa hilo likawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake. Waumini wake wengi wa mashariki mwa nchi husali kwa Kiswahili. Kanisa la Uingereza limemweka Apolo katika kalenda yake, nalo humkumbuka kila 30 Mei. Huku kwetu, historia ya umisheni bado inaanza na wamisionari Wazungu Krapf na Rebmann, na kuendelea na Livingstone, kana kwamba Waafrika walikuwa wapokeaji tu. Waandishi wa vitabu vya shule wampe Mganda huyu ukurasa wake.