Meno ya Usukuma: Tangu Kuchongwa Hata Kuzibwa

Anayesikia leo habari ya jino lililomeguka huwaza hasara na haya, wala haimpitikii kwamba zilikuwapo zama, katika nchi hizi zilizo kusini na mashariki ya Ziwa Victoria, ambazo watu walimega meno yao kwa hiari, kwa chuma, ili wazidi haiba. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, Richard Burton miongoni mwao, aliyekaa Kazeh karibu na Tabora wakati mwenzake Speke alipokwenda kaskazini kulitazama ziwa mwaka 1858, waliandika kwamba Wanyamwezi, ambao Wasukuma ni ndugu zao wa lugha na wa desturi, walichonga pande za ndani za meno mawili ya mbele ya juu hata likabaki pengo la pembetatu, nalo likawa alama ya kumtambulisha mtu kuwa ni wa watu gani. Mwanya wa kuzaliwa nao ulisifiwa toka pwani hata bara, na asiyejaliwa kuzaliwa nao aliweza kuupata kwa mkono wa fundi.

Inafaa kumpa fundi huyo heshima yake. Jino si jiwe. Chini ya ganda lake jeupe, ambalo ni gumu kuliko mfupa wowote mwilini, mna tabaka laini zaidi, na ndani ya tabaka hilo mna kiini chenye damu na mishipa ya fahamu, hata mchongaji anayepitiliza kiasi kidogo tu humwachia mwenziwe maumivu ya usiku na usaha wa ufizi. Basi aliyemega meno mengi ya vijana na yakadumu hata uzeeni alikuwa na elimu ya jino mkononi mwake, ijapokuwa hakuiandika. Elimu hiyo ilipotea pamoja na desturi yenyewe kadiri misheni na shule zilivyoenea. Kituo cha Nassa, katika nchi ambayo sasa ni Wilaya ya Busega, kilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1888 na kukabidhiwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na vizazi vilivyosomeshwa katika vituo vya namna hiyo viliingia ujanani na meno yao kama Mungu alivyoyaumba.

Hata hivyo yako meno katika Mkoa wa Simiyu, huku huku Usukumani, ambayo hakuna mchongaji aliyeyagusa, nayo yamemeguka. Mkosaji wake ni maji. Nchi ya Meatu na Maswa na sehemu za Bariadi na Itilima imelala juu ya miamba mikongwe ya matale, na maji yanayokaa muda mrefu katika nyufa za miamba hiyo huchukua madini ya floraidi, kisima kimoja mengi na cha jirani machache, bila ya dalili ya rangi wala ladha ya kumwonya mtekaji. Mtoto anayeyanywa tangu kuzaliwa hata umri wa miaka 8 hivi, ambao ndio wakati meno yake ya ukubwani yanapojengwa ndani ya taya, huota meno ambayo ganda lake halikukomaa sawasawa: yaliyopata madhara machache huwa na mistari myeupe kama chokaa, na yaliyopata mengi huingia vitundu vitundu baada ya kuota, huchukua rangi ya kahawia, kisha hubanduka vipande vipande kwa kutafuna tu. Fauka ya hayo, magadi yanayotumiwa kulainishia maharage na mboga, ambayo aghalabu hutoka katika maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, nayo yana floraidi, na wataalamu wa meno waliochunguza jambo hili hapa Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990 waliyahesabu magadi hayo miongoni mwa sababu.

Lakini mtu mwenye meno haya hudhaniwa hapigi mswaki. Ni dhuluma kubwa, na nimeona inafanywa hata na watu waliosoma. Kijana wa Meatu anaweza kuchukua mswaki wa mti asubuhi na jioni, akasugua kwa mkaa na mchanga mpaka ufizi ukatoa damu, na rangi ile isitoke, maana haikupakwa juu ya jino bali imezama ndani ya ganda lake. Tena usuguaji huo humalizia ganda ambalo tangu mwanzo lilikuwa dhaifu. Akifika mjini hujifunza kucheka huku kiganja kikiwa mdomoni.

Serikali haikuwa imelala. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wananchi wa sehemu hizi, ambazo kwa wakati huo nyingi zilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga, walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji, Waholanzi walisaidia kuchimba mamia ya visima vifupi vyenye pampu za mkono, na akina mama wengi walipunguziwa safari ya kutwa nzima ya kutafuta maji ya dimbwi. Lakini hesabu ya mwaka 1974 ilikuwa ngumu: Shirika la Afya Duniani linaona miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja kuwa ndiyo mpaka wa salama, ilhali Tanzania, ikijua kwamba kuufuata mpaka huo kungekuwa ni kufunga visima ambavyo watu hawana vingine, iliruhusu kwa maji ya vijijini hata miligramu 8. Silaumu uamuzi huo, kwa kuwa kipindupindu na kuhara huua mtoto, na jino lililoharibiwa na floraidi haliui. Ila ni haki kusema kwamba watu wa nchi kavu waliulipa uamuzi huo kwa meno yao.

Juu ya hayo ilikuja pamba, na pamoja na fedha ya pamba zikaja chai na sukari ya dukani, na meno yaliyokuwa yamemeguka yakaanza pia kutoboka.

Na dawa ya yote ilikuwa moja: koleo. Kwa muda mrefu wa ukoloni na miaka mingi ya uhuru, daktari wa meno aliyesomea kazi hiyo alikuwa mtu wa miji mikubwa. Shule ya udaktari wa meno ilifunguliwa Muhimbili mwaka 1979 tu. Zahanatini jino linalouma liling'olewa, na ambalo haliumi lakini linatia haya halikuhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Miaka ya 1980 ikazuka tena balaa ya kile kilichoitwa meno ya plastiki, ambapo watoto wachanga wenye homa na kuhara walichanwa fizi na kung'olewa vichipukizi vya chonge kwa imani kwamba ndivyo vilivyoleta maradhi, ilhali maradhi yalikuwa kwingine na jeraha lile likawaongezea hatari.

Katika miaka hiyo hiyo lilitukia hapa nchini jambo ambalo Watanzania wachache wanalijua, nalo lastahili kusomeshwa shuleni. Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitafuta pamoja na wenzake njia ya kuziba jino mahali pasipo na umeme, maji ya bomba, wala mashine ya kukereza, na hiyo njia, baada ya kupimwa Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 kwa ulimwengu wote. Mgonjwa hulazwa juu ya meza ya kawaida. Tabibu hulizungushia jino visokoto vya pamba ili lisipate mate, huupanua mdomo wa tundu kwa tindo ndogo ya mkono, kisha kwa kijiko kidogo mfano wa ukucha huchota uozo laini, akianzia kandokando na kumalizia chini, bila ya kugusa sehemu iliyo ngumu. Kwa hiyo aghalabu hahitaji sindano ya ganzi. Msaidizi huchanganya unga na maji yake juu ya kibao, saruji ya glasi ayonoma iliyobuniwa London na Wilson na Kent, ambayo hushikana na jino yenyewe, na tabibu huijaza tunduni, hupaka vaselini kwenye kidole chenye glavu, hukandamiza kwa muda hata ikashika, kisha humwamuru mgonjwa asile kwa saa moja. Basi.

Njia hiyo hufaa sana magego yaliyotoboka. Jino la mbele lililomeguka ncha lina shughuli nyingine, kwa maana linataka rangi na umbo, na hapo hutumika kijazio cha rangi ya jino kiitwacho kompoziti, ambayo asili yake ni ugunduzi wa Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955, kwamba ganda la jino likipakwa asidi ya fosforasi kwa nukta chache hupata vinyweleo ambavyo gundi huweza kushika, na utomvu aliousanifu Rafael Bowen miaka michache baadaye. Kazi hii haidumu milele. Kipande hubanguka kwa kung'ata muwa au kufungua soda kwa meno, na fundi anayejua haiondoi kompoziti yote, bali hukwaruza pembe ya zamani, hupaka gundi na kuongeza tabaka jipya, kisha huligandisha kwa taa ya buluu. Kwa meno ya floraidi kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu uso wake wa nje hukataa asidi, na mara nyingi ni lazima kuuchonga kidogo kwanza au kuiacha asidi ikae zaidi, na asiyezingatia hayo hulaumu dawa kwamba ni mbovu.

Taa hiyo hutaka umeme, na dawa hizo hutaka fedha na mkono uliofundishwa, na kwa miaka mingi mtu wa Bariadi aliyetaka kutengenezewa jino la mbele alielekezwa Mwanza, safari ambayo nauli yake peke yake ilitosha kumfanya aache. Sasa Mkoa wa Simiyu una hospitali yake ya rufaa huko Nyaumata, na mradi wa kuleta maji ya ziwa, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, umekusudiwa kufika Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Maji ya Ziwa Victoria hayana floraidi ya kudhuru, kwa hiyo watoto watakaoyanywa tangu uchanga wana tumaini la kuota meno mazima. Ila maji hayo hayatalirudisha ganda la mtu mzima aliyekulia kwenye kisima cha zamani; huyo haja yake ni tabibu wa karibu na kompoziti ya bei anayoiweza, na mimi naona anadaiwa hilo na nchi iliyompa miligramu 8.