Tucker & Dale vs Evil: Filamu ya kutisha ambayo 'washamba' wa milimani ndio watu wema

Stori ya filamu nyingi za kutisha za Marekani unaijua: wanafunzi wa chuo wanaenda kupiga kambi msituni, wanakutana na mwanakijiji mchafu mwenye shoka, wanaisha mmoja mmoja.

Tucker & Dale vs Evil imeigeuza juu chini. Filamu hii ya kutisha na kuchekesha iliongozwa na Eli Craig, ikiwa filamu yake ndefu ya kwanza, na ilioneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2010.

Tucker (Alan Tudyk) na Dale (Tyler Labine) ni washikaji wawili wa milima ya West Virginia. Wamenunua kibanda chakavu msituni na wanachotaka ni kukikarabati, kuvua samaki na kunywa bia. Basi. Shida ni mwonekano wao. Dale ana aibu na wasichana kiasi kwamba akienda kuwasalimia anachekacheka ovyo, mkononi ameshika mundu mrefu. Nani asingekimbia?

Allison (Katrina Bowden) anaanguka majini na kugonga kichwa. Jamaa wanamwokoa, kisha wanawapigia kelele wenzake kwamba wanaye. Wenzake wanaelewa kitu kimoja tu: katekwa.

Hapo damu inaanza kumwagika, na hakuna aliyekusudia kumuua mwenzake. Tucker anakata gogo kwa msumeno wa mashine, anawachokoza nyuki, anatoka mbio huku msumeno unanguruma. Kijana mmoja anadhani anafukuzwa, anakimbia hadi anajichoma kwenye tawi. Mwingine anamvamia Tucker kwa nyuma, Tucker anainama, kijana anapitiliza kichwa kichwa hadi ndani ya mashine ya kusaga miti. Jaribu kumweleza polisi hilo.

Kama hujaitazama, ruka aya hii. Mwenye kiu ya kuua kweli ni Chad (Jesse Moss), msomi mtanashati aliyekuzwa akiambiwa baba yake aliuawa na watu wa milimani. Baadaye inabainika baba huyo ndiye alikuwa muuaji, naye alikuwa mtu wa milimani.

Kwa mtazamaji wa Mlalo au popote Usambara, habari ya kuogopwa bure si ngeni. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alikuwa kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota, hivyo akahesabiwa mkosi kwa ndugu zake na kunyimwa urithi. Washambaa wakampokea, wakamfanya mtawala wao. Simulizi hiyo imo katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi.

Bongo Movie bado iko upande wa wale wanafunzi: bibi wa kijijini akitokea tu, ujue ni mchawi. Nje ya skrini hilo si utani. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa wakituhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa jikoni.

Filamu ina takriban saa moja na nusu. Damu ni nyingi na matusi yapo, hivyo watoto walale kwanza.