Wanachuo na Uhuru wa Kusema

Sisi walimu na wazazi wa Sengerema twawapeleka vijana wetu vyuoni, wengine Nyegezi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, wengine mbali Dar es Salaam. Warudipo likizo husema mbele ya wakubwa bila woga, nasi twaulizana: je, hii ndiyo elimu, au ni utovu wa adabu? Yafaa tukumbuke mambo mawili yaliyotukia katika chuo cha Mlimani, Dar es Salaam.

La kwanza ni la tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamuru wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanachuo wakavaa majoho yao, wakaenda Ikulu kupinga. Bango moja lilisema kuwa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akaghadhibika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Lakini siku ile ile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Maana lawama juu ya mishahara ya wakubwa ilikuwa na kweli ndani yake. Mwaka 1967 wengi wao walirudishwa chuoni.

La pili ni la mwaka 1971. Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alikuwa kiongozi wa wanafunzi wote. Alimwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi, akilaumu jinsi chuo kilivyoongozwa. Mwezi Julai askari walikuja wakamchukua. Wenzake hawakumwacha kwa kuwa ni mgeni. Waligoma kuingia darasani, wakidai arudishwe.

Basi, tupime. Wale wa 1966 walijitetea wenyewe, wakamsahau mkulima ambaye kodi yake iliwasomesha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wale wa 1971 walimtetea mwenzao wa nchi nyingine, pia haki ya kila mwanachuo kusikiwa. Hata hivyo, mara zote mbili jibu lilikuwa kufukuza, na kumfukuza mtu si kuijibu hoja yake.

Nasi tujiangalie. Katika mikutano yetu ya kijiji, je, mjane husikiwa, na mgeni aliyehamia juzi, na kijana? Tukiwanyamazisha hapa nyumbani, tusishangae wakienda chuoni hawajui kusema kwa heshima wala kumsikiliza asiyekubaliana nao. Adabu ya kusema hufunzwa na yule anayekubali kusikiliza.