Fisi maji: sheria ya uwindaji

Mnyama wa manyoya wa majini katika eneo la Mwanza ni fisi maji, mla samaki wa Ziwa Viktoria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kumwinda bila leseni; mitego ya nyaya, mashimo na sumu ni marufuku. Ngozi yake ni nyara: hata kuihifadhi nyumbani bila kibali ni kosa. Ndani ya hifadhi za taifa za Saanane na Rubondo haguswi. Wavuvi humchukia kwa kuchana nyavu, na hasara hiyo ni ya kweli. Lakini yeye pia hunaswa katika nyavu hizo akafa kwa kukosa pumzi.