Oscar Baumann: kutoka milima ya bara hadi vilima vya Pemba

Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi hewa ilikuwa safi kama iliyooshwa. Tulisimama ufukwe wa Panga ya Watoro, kaskazini ya Pemba, mimi na rafiki yangu aliyekuja kwa boti kutoka Dar es Salaam. Ng'ambo ya bahari, upande wa magharibi, ulilala mstari wa buluu iliyokolea. Rafiki yangu akasema mvua inarudi. Mzee mmoja mvuvi, aliyekaa kivulini akifunga upya kamba za dema lake, akamsahihisha bila kuinua kichwa.

"Si mvua ile, mwanangu. Milima ile. Usambara. Itazame sasa hivi, ikifika saa tatu huioni tena."

Kutoka pale hadi Usambara ni zaidi ya kilomita 100, na karibu nusu yake ni maji. Nilimwambia rafiki yangu kwamba yuko mtu aliyeizunguka milima ile kwa miguu na kuichora, kisha akavuka bahari akaja kukichora kisiwa hiki tulichosimama. Hakuwa amelisikia jina lake. Wala si ajabu, maana Oscar Baumann hatajwi sana huku, na kitabu alichoiandikia Pemba kiko kwa Kijerumani. Nimekuwa nikiifuatilia habari yake kwa muda, na kila nikiisoma naona ni habari yetu pia. Hakuna hatua aliyopiga Afrika Mashariki bila watu wa pwani hii kumbebea mzigo, kumwongoza njia, au kumtia pingu.

Alizaliwa Vienna tarehe 25 Juni 1864. Mapenzi yake yalikuwa milima na ramani, na kabla hajatimiza miaka 20 alikwisha kuingia Montenegro, kwenye milima ambayo ramani za Ulaya zilikuwa hazijaipima sawasawa. Mwaka 1885 akachukuliwa na Oskar Lenz, Mwaustria mwenzake, katika msafara wa Kongo. Kazi ya Baumann ilikuwa kuuchora mto. Wakapanda nao hadi maporomoko yaliyoitwa Stanley Falls, pale ilipo Kisangani ya leo, na homa ikamwangusha. Lenz akaendelea mbele mpaka akatokea Bahari ya Hindi. Baumann akarudi alikotoka, lakini hata kurudi kwake hakukuwa bure. Mwaka 1886 alipita kisiwa cha Fernando Po, kinachoitwa Bioko siku hizi, akakitembea na kuwaandikia kitabu wenyeji wake Wabubi. Alikuwa na miaka 22 tu, na tayari alikuwa na tabia iliyomfuata maisha yake yote: akifika mahali hatosheki na mlima wala mto, huuliza watu wanaitwaje, wanalima nini, wanasema lugha gani.

Mwaka 1888 ndipo alipofika kwetu. Hans Meyer wa Leipzig alikuwa amejaribu Kilimanjaro mwaka mmoja nyuma yake, barafu ikamrudisha. Safari hii akamchukua Baumann awe mchora ramani wake. Wakaanzia Pangani wakapita Usambara, na nia ilikuwa kufika kwenye mlima mkubwa. Walichagua wakati mbaya. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshuka pwani na bendera yake na kodi zake, na Pangani ikawaka. Bushiri bin Salim akashika uongozi wa vita. Habari zilipopanda milimani, wapagazi waliwakimbia. Meyer na Baumann wakateremka kuelekea pwani, wakakamatwa njiani, wakafungwa minyororo. Aliyewatoa ni Bushiri mwenyewe, kwa fidia ya rupia 10,000.

Jambo hili nalitazama kwa muda mrefu kila mara. Kijana wa miaka 24 amekaa Pangani na mnyororo, Kilimanjaro iko nyuma yake na hajaifikia, na uhai wake uko mikononi mwa mtu ambaye nchi yake inaporwa. Baumann aliandika kitabu juu ya siku hizo za vita, kikatoka mwaka 1890. Bushiri hakuwahi kukiona. Wajerumani walimnyonga palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Meyer alirudi Kilimanjaro mwaka 1889, na safari hii aliyefuatana naye ni Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Salzburg. Tarehe 6 Oktoba walifika juu kabisa. Tukumbuke pia kwamba katika kambi yao ya juu, kwenye mita zaidi ya 4,000, aliyebaki nao na kuwapikia ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtoto wa pwani, aliyezoea joto la minazi, alilala siku nyingi kwenye baridi inayogandisha maji ndani ya chombo. Jina lake limebaki kwa sababu Meyer aliliandika. Wengine mamia waliobeba mizigo ya wapelelezi hawakuandikwa, au waliandikwa kwa idadi, kama wanavyoandikwa ng'ombe.

Baumann hakupata Kilimanjaro, lakini Usambara aliipata. Alirudi mwaka 1890 kwa kutumwa na kampuni ileile ya Kijerumani, akapima Usambara na Upare, na kitabu chake kikatoka 1891. Miaka miwili baadaye reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuelekea milima hiyo. Ramani haikuwa kitu cha kutazamwa tu ukutani. Ilitangulia, nyuma yake ikaja reli, na nyuma ya reli mashamba ya walowezi.

Safari iliyompa jina ni ya 1892. Kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa ilimtuma atafute njia kutoka Tanga hadi Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamasai. Aliondoka Tanga mwezi wa Januari na msafara mkubwa wa wapagazi na askari. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Manyara. Tarehe 18 Machi 1892 alifika ukingo wa Ngorongoro, akateremka ndani ya bonde lile la volkano ambalo leo dunia nzima inalijua, halafu akapita Eyasi na Serengeti mpaka ziwani.

Watalii wanaosimama ukingoni mwa Ngorongoro leo hutajiwa jina la Baumann na tarehe ile. Mara chache hutajiwa alichokikuta. Sotoka ilikuwa imepita. Ng'ombe wa Wamasai walikuwa wamekufa karibu wote, na Mmasai bila ng'ombe hana chakula, hana mahari, hana cheo. Baumann aliandika habari za wanawake waliobaki mifupa, za mashujaa waliokuwa wakitambaa, za wazazi waliotaka kuwatoa watoto wao kwa vipande vya nyama. Kwa wale watu, nchi nzuri kuliko zote ilikuwa imegeuka makaburi. Kurasa zile kwangu ndizo bora alizoandika, kwa kuwa hapo aliacha kupima akatazama.

Lakini mtu yuleyule alikuwa na bunduki nyingi, na alizitumia. Njiani alipigana mara kadhaa na wenye nchi, risasi kwa mishale, na watu walikufa ambao hawakumwita. Septemba 1892 aliingia Rwanda, Mzungu wa kwanza kuikanyaga, na huko pia damu ilimwagika. Aliyaandika mwenyewe mapigano hayo bila kuyaficha, na sisi hatuna sababu ya kuyaficha tunapomsifu.

Burundi ilimpokea kwa namna nyingine kabisa. Watu walimdhania ni Mwezi, mtu wa ukoo wa kifalme aliyerudi, wakamfuata kwa maelfu wakiimba na kucheza. Akafuata mto Ruvubu hadi kwenye chemchemi zake, na tarehe 19 Septemba akatangaza kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia, chini ya milima ambayo wenyeji waliihusisha na jina la Mwezi. Alifurahi mno, kwa sababu tangu enzi za Wayunani wanajiografia walisema Nile inatoka Milima ya Mwezi. Mjerumani Burkhart Waldecker alikuja kuonyesha mwaka 1937 kwamba chemchemi ya kusini kabisa ya Nile iko Burundi kweli, ila mahali pengine, karibu na Rutovu. Baumann hakuwa mbali sana.

Alirudi pwani mwaka 1893, akiwa hajatimiza miaka 30. Mtu mwingine angetafuta mlima mrefu zaidi. Yeye akageukia visiwa. Chama cha Jiografia cha Leipzig kilimpa kazi ya kuvichunguza visiwa vya Zanzibar na Mafia, na mwaka 1895 akaianza. Mwaka uliofuata akawa balozi mdogo wa Austria na Hungaria mjini Unguja. Kitabu cha Mafia kilitoka 1896, cha Unguja 1897, na cha Pemba 1899.

Hapa nataka nikae kidogo. Mpimaji wa njia wa zama zile alikuwa na dira, saa na daftari. Njia ikikata kona, anasimama, anasoma dira, anaandika nyuzi na dakika, anaendelea. Jioni anageuza dakika kuwa masafa na kuchora. Urefu wa mlima aliupima kwa sufuria na kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka mapema kadiri unavyopanda. Kilele cha Kilimanjaro yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi. Pemba chombo hicho hakina kazi. Vilima vyetu havifiki mita 150, na mita 100 hupunguza joto la kuchemka kwa theluthi moja tu ya nyuzi.

Anayedhani basi Pemba ni rahisi kupima, na atembee kwa miguu kutoka Chake Chake hadi Wete baada ya masika. Unapanda kilima, unateremka kwenye bonde la mpunga, unazama matope mpaka magotini, unapanda tena. Ukikata kuelekea baharini unakutana na hori lenye mikoko na inabidi urudi nyuma. Mpima ardhi hutaka kuona mbali, na Pemba haimwachii, maana juu ya kila kilima ipo mikarafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza mashamba ya Unguja, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huku. Baumann aliipita Pemba karafuu zikiwa zinachumwa na watumwa na kubebwa vichwani hadi bandarini, kwa njia zilezile alizokuwa akizihesabu dakika. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitoka Aprili 1897, kabla ya kitabu cha Pemba kuchapwa. Ukanda wa pwani tuliposimama siku ile bado unabeba kumbukumbu hiyo: jina Panga ya Watoro linataja waliotoroka.

Na kuna mlima mmoja ambao dira na kipimajoto cha Baumann visingeweza kuupima. Unguja imekaa juu ya kina kifupi, kama kipande cha bara kilichozungukwa na maji. Pemba sivyo. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha mita 800 hivi. Bahari ingekauka leo, Pemba nzima, kutoka Mkoani hadi Ras Kigomasha, ingesimama kama mlima wenye kuta za mawe, na sisi tungekuwa tunalima mpunga kileleni.

Baumann alifariki Vienna tarehe 12 Oktoba 1899, mwaka uleule kitabu cha Pemba kilipotoka. Alikuwa na miaka 35, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kumwondoa Unguja. Miaka kumi na ushee baadaye Kapteni Craster, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alikuja kuipima Pemba upya kwa vyombo bora, naye akakiandikia kisiwa kitabu mwaka 1913.

Siku ile ufukweni rafiki yangu alimuuliza mzee anaujuaje mwamba anaotegea dema, bahari ikiwa sawasawa kote. Mzee akaweka kamba chini, akanyoosha mikono miwili. Mkono mmoja aliuelekeza kwenye mnara wa taa wa Kigomasha. "Hapa naupanga mnara na ule mnazi uliopinda, mpaka ufichwe." Mkono wa pili aliupeleka kusini, kwenye ncha ya ufukwe. "Na hapa naipanga ile ncha na jiwe la nyuma yake. Mistari miwili ikikutana, natia nanga." Rafiki yangu akauliza nani alimfundisha. "Baba," akasema, akarudi kwenye dema lake. Tulipogeuka kutazama magharibi, Usambara ilikuwa imekwisha kutoweka, na saa tatu ilikuwa bado haijafika.