Solo Lililofika Lundo kwa Redio ya Betri: Utamu Ulikuwa kwenye Mashine au Vidoleni?

Wadau wa gitaa hawaishi kubishana: utamu wa solo la zilipendwa ulitoka kwenye amplifaya ya vali au kwenye vidole vya mpigaji? Jibu zuri lipo mbali na Dar, kule Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa.

Tuanze na mashine. Miaka ya 1960 amplifaya nyingi za gitaa duniani zilikuwa za vali, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama balbu na kutaka umeme wa volti mia kadhaa. Ukipiga taratibu, sauti inatoka safi. Ukiizidishia, haikatiki ghafla, inanona kidogo kidogo. Transista ikizidiwa inakata vup, sauti inakuwa na makali. Ndiyo maana watu wa roki kule Uingereza na Marekani waliziminya vali mpaka zikakoroma.

Bongo mambo yalikuwa tofauti. Bendi ya dansi ilikuwa na solo, solo la pili, ridhimu na besi, magitaa manne yanayojibizana. Yakikoroma yote, unapata kelele tu. Kwa hiyo wapigaji walitaka sauti safi, kila gitaa lisikike kivyake.

Sasa rudi Lundo. Enzi hizo mpaka miaka ya 1970, umeme wa gridi ulikuwa haujafika mkoa wa Ruvuma. Bila jenereta, amplifaya ya vali huko ni sanduku tu. Muziki ulifika kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ndogo ya transista, spika yake kama kiganja. Spika hiyo inameza besi na ule unono wote wa vali. Lakini shabiki wa dansi alijua ni bendi gani kwa solo tu, mwimbaji hata hajafungua mdomo. Kumbe kilichosafiri ni mpangilio wa vidole.

Ushahidi mwingine ni vyombo. Bendi nyingi zilikuwa za mashirika, jumuiya na majeshi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji akihama, mashine inabaki. Mwaka 1978 wanamuziki walitoka Dar International wakaenda kuanzisha Mlimani Park, na ladha yao ikaenda nao. Mji mzima ukaijua kwa jina la Sikinde.

Kinachouma ni hiki: leo kuna programu za kompyuta zinazoiga amplifaya za zamani, kila moja na modeli yake. Mashine zina majina. Aliyepiga ridhimu nyuma ya solo, mashabiki wengi hawamjui.

Wazee wanaowajua bado wapo. Mpigie babu, mwulize ni nani alipiga solo la pili kwenye wimbo anaoupenda, kisha liandike jina hapo chini.